Karantini Imefana

Wanaosema wakubwa huchelewa mifugo inapougua hawana shukrani. Sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa Ngorongoro mwaka 2008. Haikuchukua muda mrefu ikafika Tandahimba, huku kusini, huku mbuzi walionunuliwa mnadani Pugu wakitajwa kuwa ndio waliokuja nayo. Sasa barua ya tahadhari, yenye muhuri na nakala tano, ingekimbizana vipi na mbuzi aliyepanda lori? Barua ni mtu mzima, haikimbii.

Sisi wa kusini, hapa Mtua, kusubiri tumefundwa. Mwingereza alituahidi mradi wa karanga mwaka 1947, tukasubiri. Reli ya mradi huo ikafika Nachingwea, kisha ikang'olewa, tukasubiri tena. Chanjo ni nani hata isisubiriwe?

Tena tangazo la karantini hubandikwa ukutani kwa herufi kubwa. Mbuzi asiyelisoma ni mkaidi, afe tu. Virusi navyo ni waungwana: vikifika mpaka wa wilaya ya Ruangwa, husimama vikaulizia kibali cha kusafirisha mifugo. Vikikikosa, hurudi nyumbani kulala.

Na chanjo ya mdondo kufika kuku wakishazikwa, kosa liko wapi? Mgeni mwenye adabu hafiki msibani kabla ya msiba. Wataalamu huja, wakahesabu manyoya, wakatia saini kitabu cha wageni, wakatupa pole.

Jirani yangu hana hata kifaranga. Mwaka huu ugonjwa kwake haujaingia kabisa. Banda tupu, jamani, haliambukizwi. Tupige makofi.