Bibi Arusi Aliyeganda Mlangoni

Arusi ya Butembo haijaisha mpaka DVD yake itoke. Mbuzi walishatolewa, padri alishabariki, lakini shangazi aliyebaki Beni hatakubali kwamba watu wameoana mpaka aone kwa macho yake nani alivaa nini. Miaka michache baadaye diski inawekwa tena: bibi arusi ananyanyua mguu kuingia kanisani, picha inaganda, na mguu huo hautatua mpaka kiama. Hapo hukumu hutolewa papo hapo: "Ni ya Kichina." Mimi nasema diski inasingiziwa. Nusu ya kosa ni yake, nusu ni yetu.

Tuanze na nusu yake. Diski ya kurekodia ina tabaka la rangi ambalo leza huliunguza ili kuacha alama, na juu yake utando wa madini, mara nyingi fedha, wa kurudisha mwanga. Jua na joto huifanya rangi ififie. Unyevu huila fedha. Ubora basi uko mahali ambapo jicho la mnunuzi halifiki: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Jina la kwenye boksi nalo si shahidi wa kutosha. Taiyo Yuden, kiwanda cha Japani kilichosifiwa sana mpaka kilipoacha kazi hiyo mwaka 2015, kilitengeneza diski nyingi zilizouzwa kwa majina ya wengine. Ikiwa bora ilijificha hivyo, mbovu itashindwaje? Diski iliyotoka Guangzhou ikapitia Mombasa na Kasindi inaweza kuwa imebadili majina mengi kuliko mdeni anayekimbia wadai wake. Utaniambia ninunue ile ya dhahabu. Dhahabu haishiki kutu, kweli, lakini haiizuii rangi kufifia. Na kung'aa njano si kuwa dhahabu, jambo ambalo mtu wa Butembo, anayepishana na wanunuzi wa dhahabu barabarani, hahitaji kufundishwa.

Nusu yetu ni kubwa zaidi. Upande wa chini wa CD tunaubembeleza kama yai, ingawa una plastiki ya zaidi ya milimita moja ya kuulinda. Upande wa juu, wenye koti jembamba tu la vanishi, ndio tunaouandika kwa biki, tukikandamiza ili majina ya maharusi yasomeke vizuri. Yanasomeka, ila wimbo wa kwaya uliokuwa chini yake hausikiki tena. DVD imejikinga zaidi, data yake ikiwa katikati ya plastiki mbili kama nyama ndani ya sambusa, lakini sambusa yenyewe tunaianika kwenye dashibodi ya gari juani. Kisha tunachoma diski mbio mbio kama mshikaki wa mteja mwenye haraka, jenereta inakohoa katikati ya kazi, na anayekuja kuichukua hapewi nafasi hata ya kuijaribu.

Kuna watakaosema diski zimepitwa na wakati, tutumie flashi au intaneti. Lakini flashi hutunza kumbukumbu kwa chaji ndogo inayovuja polepole, na ikizunguka sekretariati tatu za kuchapa na kunakili hurudi na virusi. Diski ya kurekodiwa mara moja, ikishafungwa isiongezwe kitu, virusi haviwezi kuifuta. Intaneti nayo, mwisho wa Desemba 2018, ilizimwa Kongo nzima kwa karibu wiki tatu. Hakuna chombo kisicho na aibu yake, na ndiyo maana kumtegemea shahidi mmoja ni upungufu wa akili, si upungufu wa diski.

Kwa hiyo, kabla hujammalizia mpiga picha fedha zake, dai nakala mbili kwenye diski za aina mbili, ziangalie mpaka mwisho kwenye mashine nyingine, andika kwa kalamu laini, kisha moja ibaki Butembo kwenye baridi na nyingine mpelekee shangazi Beni. Mwambie tu asiifanye kioo.