Barua ya Wazi kwa Mtunza Herufi za Magari

Kwa Mheshimiwa Mtunza Daftari la Namba za Magari, mlinzi wa herufi tangu A hata E na zote zitakazofuata, popote ilipo ofisi yako tukufu.

Mheshimiwa,

Napenda kukuarifu kuwa mimi ni mkazi wa Isevya, katika Manispaa ya Tabora, mfanyabiashara mstaafu mwenye mke mmoja, nyumba moja na gari moja, na kwamba katika hayo matatu nimekusudia kuuza la mwisho tu. Lau gari hilo lingekuwa linauzwa na mimi, nisingethubutu kukukatiza katika shughuli zako. Lakini nimekaa na madalali na wanunuzi muda wa kutosha kufahamu kwamba muuzaji halisi ni wewe, na kwamba neno lako moja, tena la herufi moja, lina uzito sokoni kuliko yote niwezayo kuyasema mimi, fundi wangu na injini yenyewe ikiwa inaunguruma.

Gari ni Toyota Crown, la daraja liitwalo Athlete, lililoundwa Japani mwaka 2006, lenye injini ya V6 ya lita 3.5 na nguvu za farasi 315. Nakuomba uitazame kidogo hesabu hiyo ya farasi, kwa kuwa ina tarehe yake. Waundaji wa magari wa Japani walikuwa wamepatana kwa muda mrefu, kwa heshima ya kiungwana na si kwa sheria, kwamba gari linalouzwa kwao lisitangazwe kuwa na zaidi ya farasi 280, na mapatano hayo yalikoma mwaka 2004. Kwa hiyo gari langu ni miongoni mwa yale ya mwanzo yaliyozaliwa baada ya kufunguliwa minyororo. Mapatano mengine, ya kutopita kilomita 180 kwa saa, yalibaki, na dashibodi yangu inakomea hapohapo. Basi farasi 315 walifungwa kamba ya 180 huko Japani, wakavuka bahari, wakapanda kutoka Dar es Salaam hata huku kwetu Unyanyembe, na walipofika wakakuta kibao cha 50, matuta, bodaboda wasiotazama nyuma, na askari mwenye tochi aliyesimama penye kivuli cha mwembe. Tangu siku hiyo wanaishi kwa saburi. Wakiitwa wote kwa pamoja, kwenye lami ya Nzega alfajiri na mapema, huitika kwa namna ambayo si ya mtu wa umri wangu kuieleza katika barua inayokwenda serikalini.

Mintarafu ya matunzo, nitasema kwa kirefu, kwa sababu hapa ndipo penye mali. Injini ya namna hii, ambayo humwagiwa petroli moja kwa moja ndani ya silinda, haimvumilii mtu wa kubahatisha. Haitaki mafuta ya kwenye madumu, haitaki oili ya kupimiwa kwenye chupa ya maji, na mchanga wa Tabora, ambao huingia hata katika sanduku lililofungwa, ukiachiwa kwenye chujio la hewa kwa kiangazi kimoja hulifanya lionekane kama limechimbwa ardhini. Mimi nimebadilisha oili kila kilomita 5,000 hata pale kopo liliponiruhusu kungoja zaidi. Nimemwaga mafuta ya gia boksi kabla hayajawa meusi. Rejeta haijawahi kuonja maji ya bombani. Shokomzoba na bushi za mbele zimebadilishwa jozi kwa jozi, si moja leo na nyenzake siku ikijaliwa. Viti vya ngozi vimepakwa mafuta yake na kufunikwa, na rangi ni ile iliyotoka nayo kiwandani, bila kiraka. Daftari la sevisi lipo, lina tarehe na muhuri wa gereji, na limeandikwa kwa hati inayosomeka. Nalitaja daftari hilo makusudi, Mheshimiwa, kwa kuwa wewe nawe ni mtu wa madaftari, na nilidhani kwamba madaftari yatafahamiana.

Hayakufahamiana. Dalali wa mtaa wetu, kijana mwenye adabu zake, alilizunguka gari, akainama akatazama uvunguni, akawasha injini, akasikiliza, akazima, akarudi akiwa na uso wa mtu aliyetumwa kupeleka tanzia.

“Mzee wangu, gari imenyooka, wallahi. Tatizo namba tu.”

“Namba ina nini, mwanangu?”

“Ni C, mzee. Watu sasa hivi wanataka D. Mwenye hela yake anataka E.”

Nikamwambia kuwa namba haiendeshi gari. Akanijibu, kwa upole uliozidi, kwamba ni kweli haiendeshi, ila ndiyo inayouza. Na kwa kuwa Mungu hapendi mtu abaki na shaka, mnunuzi wa kwanza alifika, akasimama getini, akasoma kibao cha njano kwa umbali wa hatua ishirini hivi, akauliza bei, akacheka kwa heshima, akaenda zake bila boneti kufunguliwa. Katika majuma hayohayo gari jingine la mtaani, dogo, lenye mlango mmoja usiofanana rangi na wenzake na ekzosi iliyofungwa kwa waya, lilinunuliwa mbio kama mkate wa kumimina mwezi wa Ramadhani, kwa kuwa lilibeba E.

Hapa nataka kukuuliza swali la kisheria, nawe unisamehe kwa kuwa mimi si mwanasheria. Herufi hiyo inapima nini? Watu wote wa Isevya, waliosoma na wasiosoma, wanaamini kuwa inapima umri wa gari. Lakini wewe na mimi tunajua kuwa haipimi umri wa gari hata chembe; inapima siku ambayo gari lilikutana na daftari lako. Mimi nilikutana nawe mapema, nikapewa C. Laiti ningelipata akili ya kuliacha gari langu likaendelea kukimbizwa Nagoya na mtu nisiyemjua, likagongwa, likanyooshwa, likapigwa rangi, likalala uwanjani kwenye theluji, kisha nikaliagiza mwaka huu, lingeshuka bandarini Dar es Salaam likapewa E na kusifiwa kwa ujana wake. Kosa langu, kwa hesabu ya soko, ni kuwahi.

Fauka ya hayo, tazama ajabu iliyopo kati ya dirisha lako na dirisha la jirani yako wa ushuru. Gari la aina yangu, la mwaka 2006, likiingia nchini leo, hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25. Hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa kuwa injini yake imezidi sentimita za ujazo 2,000. Hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Na juu ya hayo yote hutozwa asilimia 30 nyingine kwa kosa la kuzidi miaka 10, ambapo lingekuwa na umri kati ya miaka 8 na 10 lingesamehewa nusu na kutozwa 15. Sababu inayotolewa ni njema: kulinda mazingira na kuzuia nchi isigeuzwe jalala la magari chakavu. Majirani zetu wa Kenya wameona hiyo nayo ni huruma, wakalifungia mlango gari lolote lililozidi miaka 8. Sina ugomvi na sababu hiyo. Ugomvi wangu ni huu, kwamba mwenye gari, akiisha kulipia uzee wa gari lake mpaka shilingi ya mwisho na kupewa stakabadhi inayoshuhudia kuwa ameingiza kizee, huhamia dirisha la pili akakabidhiwa herufi changa kuliko zote zilizomo ghalani. Gari hilohilo moja, mbele ya serikali hiyohiyo moja, katika safari hiyohiyo moja, huhukumiwa kuwa kikongwe kwenye ushuru na kuwa mwari kwenye namba. Na hakuna hata mmoja kati ya mahakimu hao wawili aliyeinama kutazama kama lina oili.

Katika jedwali la yule wa kwanza ipo safu ya mwaka, ipo safu ya aina, ipo safu ya ukubwa wa injini. Katika daftari lako ipo safu ya chesisi na ya rangi. Safu ya matunzo sikuiona kwa yeyote kati yenu, na watu, ambao husoma yale yaliyoandikwa na wakubwa wao, wamehitimisha kuwa kisicho na safu hakipo.

Mji huu, Mheshimiwa, si mgeni wa biashara ya vitu vilivyotoka mbali. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipowasili hapa, palipokuwa pakiitwa Kazeh, mwezi wa Novemba 1857, wakapokewa na mfanyabiashara wa Kiarabu Snay bin Amir, walilikuta soko linaloendeshwa kwa vitambaa vya merikani na kaniki, kwa doti ya dhiraa 8, kwa ushanga ambao kila kabila lilikuwa na rangi yake liliyoipenda na nyingine liliyoitupa. Na pembe za ndovu zilikuwa zikipimwa kwa frasila, ambayo ni ratili 35. Biashara ile ilikuwa na dhambi kubwa, na siitamani hata kwa mzaha, kwani mizigo ilikwenda pwani mabegani mwa watu, na wengi hawakuwa huru. Lakini katika jambo moja wafanyabiashara wale walikuwa na akili ambayo sisi tumeipoteza: pembe iliwekwa chini ikatazamwa. Ilitazamwa ufa, ikatazamwa uozo, laini ikatengwa na ngumu. Hakutokea mnunuzi aliyesimama mlangoni pa tembe akauliza ndovu alizaliwa mwaka gani, kisha akaondoka zake. Na lau angeuliza, jibu lingempandishia bei badala ya kuishusha, kwa sababu pembe kubwa, ambayo aghalabu hutoka kwa ndovu mzee, ililipwa zaidi kwa kila frasila kuliko zile ndogo.

Nasikia ipo njia ya kuepukana na herufi zako. Tangu bajeti ya mwaka 2016/17 mtu aweza kulipa shilingi milioni 10 kwa kila miaka 3, akaandikiwa jina lake mwenyewe mahali pa namba. Nimeifikiria njia hiyo kwa makini. Ina maana kwamba umri wa gari, ambao ni haramu kufutwa na mafundi wa uchochoroni wanaorudisha nyuma kilomita za dashibodi, hufutika kwa halali mwenye gari akiwa na milioni 10, na kwamba baada ya hapo mnunuzi atakayesimama getini hatasoma C wala E; atasoma jina langu, ambalo, nasikitika kusema, ni kuukuu kuliko gari.

Nami si raia wa kukwepa. Mwaka 2017 ilipofutwa ada ya mwaka ya leseni za magari, na badala yake shilingi 40 zikatiwa katika kila lita ya mafuta, wenye magari madogo walishangilia wakidhani wamepona. Injini yangu ya lita 3.5 ilipokea khabari hiyo kimya, ikaanza kuchangia taifa kila inapotoka Isevya kwenda sokoni na kurudi, na kwenye foleni ya kivuko cha reli huchangia hata ikiwa imesimama.

Basi naomba mojawapo ya haya. Kama imo katika uwezo wako, unipandishie herufi cheo, walau mpaka D, kwa sababu ya utumishi mrefu na mwenendo mwema; watumishi wa serikali hupandishwa kwa hoja hizohizo, na wapo wasiokuwa na daftari la sevisi. Kama haimo, unipe barua ya kunijulisha kwa wenye Makumbusho ya Taifa kule Dar es Salaam, ambako ipo Rolls-Royce iliyowabeba magavana na baadaye Mwalimu Nyerere, inafutwa vumbi na kulindwa, na wala hakuna aliyewahi kuisimamia mlangoni akauliza herufi ya namba yake. Ningependa wanieleze ni mwaka wa ngapi ambapo uchakavu hugeuka kuwa turathi, maana kati ya ule mwaka wa 10 wa sheria ya ushuru na huo wa makumbusho kuna miaka mingi, na mimi na gari langu hatuna budi tuikalie mahali fulani.

Ikiwa yote mawili ni mazito, basi njoo ulinunue wewe. Linaonekana baada ya sala ya alasiri, siku zote isipokuwa Ijumaa. Njoo na fundi wako, si wangu. Petroli ya kujaribia ni juu ya mtazamaji. Kadi ni ya asili na ina jina langu, mkataba wa mauziano utashuhudiwa na wakili, na ushuru wa stempu wa asilimia 1 pamoja na ada ya uhamisho ya shilingi 50,000 utazilipa mahali unapopafahamu vizuri kuliko mimi. Bei ina punguzo dogo kwa yeyote atakayefungua boneti kabla ya kusoma kibao. Akitangulia mwingine kabla yako, jina kwenye kadi litabadilika na C itabaki palepale ilipo, kwa hiyo barua ijayo utaandikiwa na yeye.

Wasalaam,

Muuzaji wa namba C,
Isevya, Tabora.