Nyonga Mpya ya Kamanda

Ndugu yangu uliyewahi kuishi na mama mkwe nyumba moja, sogea karibu. Wangu namwita Kamanda, na jina analipenda. Alipobadilishiwa nyonga alikatazwa viti vifupi, maana nyonga ya bandia ikikunjwa kupita nyuzi 90 inaweza kuchomoka. Kibao cha mbuzi nikakipandisha juu ya kabati. Nikirudi jioni nakikuta jikoni, kimejaa machicha. Nani wa kumwambia?

Halafu mguu ukaanza kuuma, na kila mtu akawa tabibu. Mke wangu alisema ni baridi. Shemeji Famasi, ambaye mifuko yake ni duka la dawa, akaja na vidonge vya rangi mbili. Hapo nikakataa katakata. Kama nyonga imeingiliwa na vijidudu, antibayotiki ikitangulia huweza kuvificha, maabara ikapima isivione, na ugonjwa ukaendelea kujichimbia kwenye chuma.

Daktari alianza kwa maswali. Panauma kwenye kinena? Huenda ni kikombe cha juu cha nyonga ya bandia. Pajani, hasa hatua za kwanza ukiinuka? Huenda chuma kimelegea ndani ya mfupa. Matakoni? Mgongo nao uangaliwe. Hata usiku umelala? Basi maambukizi yatafutwe kwanza. Kamanda, ambaye hajibu maswali ya mtu, alisema panauma kwake. Binti yetu ndiye aliyembembeleza bibi yake hadi akasema: pajani, na usiku halali.

Akatolewa damu. Ikatakiwa pia eksirei ya zamani ilinganishwe na mpya, kwa kuwa picha moja haionyeshi kama chuma kimesogea. Tuliipekua nyumba nzima, kumbe ameilaza sandukuni pamoja na hati ya shamba, chini ya kanga ambazo haruhusiwi mtu kuzigusa. Chuma hakikuwa kimesogea. Damu ndiyo iliyoonyesha dalili za uvimbe mwilini, akachomwa sindano, majimaji ya kiungo yakavutwa na kupelekwa kuoteshwa. Vijidudu vingine huota polepole, maabara huweza kuvisubiri hadi siku 14.

Basi tunasubiri. Kamanda ameshachukua kiti changu cha mezani, kwa kuwa ni kirefu, na nazi nakuna mimi huku akinisimamia. Vidonge vya Shemeji nimevifungia. Kamanda akipata homa, au kovu likitoa usaha, tumekubaliana wote, hata yeye: ni hospitali usiku huohuo.