Kaboni ya Mashimoni

Wazungu wanatumia mabilioni kutafuta namna ya kuzika kaboni ardhini. Wangeuliza Saza, Songwe. Hapa mti wa miombo unakatwa, unageuzwa matimba, unashushwa shimoni kuzuia kifusi kisiwaangukie wachimba dhahabu. Moshi hakuna.

Tunasikia Kanuni za Biashara ya Kaboni zipo tangu 2022, na kituo cha kuifuatilia kipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro. Kule Ntakata, Katavi, vijiji vinalipwa kwa kuacha miti isimame. Yetu nayo imesimama jamani, ila chini, na kichwani imebeba mwamba. Wapimaji wakija walete kofia ngumu.

Serikali imewahi kutaja hekta 469,420 za misitu zinazopotea nchini kwa mwaka. Mhalifu anajulikana: yule wa baiskeli na magunia mawili ya mkaa, anayesimamishwa kizuizini. Malori ya Tunduma yanayounguruma kwenye foleni ya mpakani hayasimamishwi. Yamekwisha kusimama yenyewe.

Nishati safi ya kupikia? Lengo ni asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Sisi mtungi tunao, ulikuja na mgeni rasmi na wapiga picha. Gesi ilipoisha tukaupa kazi nyingine: unazuia mlango usibamizwe na upepo.