Sifa za Sipiyu Inayonguruma

Chai imesifiwa vya kutosha. Shuka matatu pale Kaplong, njiapanda ambapo barabara ya kutoka Litein na Kericho hukutana na ile ya Bomet na Narok, kisha uulize yeyote akuongezee sifa za chai. Atakuambia imesomesha, imejenga, imeoa na imezika, halafu atakuuliza kama una swali jingine. Ng'ombe naye ameimbwa tangu enzi za mababu. Hata mvua ya mawe ina heshima yake kama adui mkubwa. Katika miaka ya 1960 ilirushiwa roketi kule Kericho ili isiangukie majani. Aliyekosa wakili ni mmoja tu, ile sipiyu, yaani sanduku la kompyuta, iliyo kwenye pembe ya sebule, iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, ambayo ikiwashwa hunguruma kama posho mili siku ya soko.

Mimi nasimama upande wake. Sina haja ya kuomba radhi, kwa sababu Lucian, aliyeandika kwa Kigiriki katika karne ya 2, alimsifu nzi, na Synesius wa Kurene baadaye akausifu upara, tena upara wake mwenyewe. Nzi hajawahi kumchapia mtu CV.

Nianze na ukoo wake, kama ilivyo desturi. Sipiyu ninayoisema si mtoto wa juzi. Iliajiriwa kwanza katika ofisi fulani huko Uingereza, ikafanya kazi miaka yake ya ujana chini ya meza ya mtu asiyeijali, ikastaafishwa bila hafla. Ikapakiwa kwenye kontena pamoja na wastaafu wenzake, ikashuka Mombasa, ikapanda hadi Nairobi, ikauzwa dukani, ikafungwa kwa kamba nyuma ya matatu, ikafika. Kwetu mstaafu hupumzika kidogo, akachunga ndama wawili. Yeye alipewa hesabu za chama, programu za mazishi, fomu za KRA, na kazi za shule za watoto wa boma tatu. Na tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ikaacha kuihudumia Windows 10, yaani hiyo hiyo iliyo ndani yake. Watu wameandamana kwa madogo kuliko hayo. Yeye aliwaka asubuhi iliyofuata kama kawaida, kwa kelele ile ile.

Tuje kwenye kelele, maana ndiyo wanayoilaumu wengi. Ukifungua ubavu wa sanduku utaona prosesa imekaa katikati ya ubao, imebebeshwa bamba la alumini lenye mapezi membamba, na juu ya mapezi kuna feni. Kati ya prosesa na bamba hupakwa grisi nyeupe kidogo ya kupitishia joto. Huo ndio mpango wa kiwandani. Mpango wa Kaplong una nyongeza zake: vumbi la murram la Januari, moshi wa kuni unaopita chini ya mlango, na manyoya ya paka, ambaye aligundua kabla ya binadamu kwamba juu ya sipiyu ndipo mahali penye joto kuliko pote nyumbani. Vyote hivyo huvutwa na feni, vikashikamana kwenye mapezi, vikawa ngozi ya kijivu ambayo unaweza kuibandua yote kwa kidole kwa mpigo mmoja. Grisi nayo, baada ya miaka, hukauka ikawa unga. Joto linakosa njia. Ubao unapima, unaona digrii zinapanda, unaiamuru feni iongeze mwendo.

Kwa hiyo ile ngurumo unayoisikia ni kazi ya ziada, inayofanywa na kiungo pekee humo ndani kilicho tayari kuonekana kikihangaika. Tena hufanywa bila marupurupu. Kama karani wa ofisi ya umma angetoa sauti kila alipofanya kazi maradufu, majengo mengi yangekuwa matulivu mno.

Halafu kuna joto lenyewe. Karibu kila wati inayoingia kwenye sipiyu hutoka ikiwa joto, hakuna inayopotea. Kompyuta inayokula wati 100 ni hita ya wati 100 inayojua pia kuandika barua. Julai, ukungu ukiwa umekaa juu ya mashamba na watoto wakivaa sweta ndani ya nyumba, utawakuta wamepanga miguu nyuma ya sanduku pale pumzi yake inapotokea, wakidai wanasoma. Na hapa iko fahari ambayo watu wa Mombasa hawana. Kwenye nyanda zetu za juu maji huchemka kabla hayajafika digrii 100. Sufuria ya chai hapa hutokota kwenye digrii 93 au 94 hivi. Prosesa nyingi huvumilia hadi karibu na 100. Maana yake ni kwamba siku sipiyu ikiwa na homa kamili, huwa na moto kuliko chai inayochemka jikoni. Hii ni nchi ya chai. Kuishinda chai kwa moto ndani ya nchi yake si jambo dogo.

Ikifika huko juu haipasuki wala haiwaki moto. Hujipunguzia mwendo. Kishale kinaanza kutembea kwa mashaka, herufi zinatokea baada ya kidole kuondoka, na jedwali la chama linaganda kwenye mstari wa mtu ambaye hajalipa. Wenye haraka husema imezeeka. Ukweli ni kwamba imejipima, imeona haiwezi, imepunguza. Na ikishindwa kabisa hujizima yenyewe kabla haijaungua. Nawafahamu waheshimiwa kadhaa ambao ningependa wawekewe kifaa hicho.

Sasa mwenzake, diski ya nje, ambaye kwa maoni yangu ndiye mwenye akili zaidi. Huyu hafunikwi kitambaa. Hulala kabatini ndani ya soksi moja ya shule. Ndani yake mna kila kitu ambacho ukoo wenye sipiyu ile umewahi kurekodi: vyeti vilivyoskaniwa, picha za mazishi, filamu zinazosimuliwa na DJ Afro, na koito, ile sherehe ya mahari, ya binti wa kwanza, saa nne bila kukatwa, ikiwemo sehemu ndefu ambayo wazee wamekaa tu wakingoja idadi ya ng'ombe itajwe.

Wageni wakifika, baba mwenye nyumba akasimama na kutangaza kwamba leo wataona koito, diski hutolewa kwenye soksi ikaunganishwa. Huzunguka. Hutoa tik. Hunyamaza, kama anayefikiria. Tik tena. Skrini inatangaza kwamba haitambui kitu chochote. Wageni wanasikitika kwa adabu, mmoja anasema "pole sana mzee" kwa furaha isiyofichika vizuri, mursik, maziwa yetu ya mgando, inamiminwa, na mazungumzo ambayo yangeuawa na video yanaanza. Hakuna mkwe, mchungaji wala mwenyekiti wa kituo cha kupimia majani ambaye angeweza kuokoa jioni ile bila kumuudhi mwenyeji. Diski iliweza.

Walimwengu huiita mbovu. Wangejua inachofanya humo ndani wangenyamaza. Sahani yake huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusoma huelea juu ya sahani hiyo kwa nafasi isiyofika nanomita 10. Chembe moja ya moshi wa jikoni ni nene kuliko nafasi hiyo. Kichwa kikikosa alama kinayoitafuta, hurudi mahali pake pa kuanzia, kikajaribu upya. Ile tik ndiyo safari ya kurudi. Nionyeshe dereva wa matatu anayekubali kwamba amepotea njia, akarudi steji.

Mara nyingi, tena, kosa si lake hata kidogo. Diski ndogo ya namna hii haina adapta. Stima yake huipata kwenye ule ule waya wa USB unaopitisha picha. Shimo la USB la kizazi cha pili limeahidi miliampu 500 kwa volti 5, na mota inapoanza kuzunguka huomba zaidi ya hapo. Mashimo ya mbele ya sipiyu, yaliyounganishwa kwa waya mwembamba wa ndani na kulegezwa na miaka ya flashi za watu, hutoa kilichopo. Diski inaanza, inakosa nguvu, inakata tamaa. Fundi mwenye busara haigusi diski kwanza. Hubadilisha waya, akatafuta mfupi na mnene. Kisha huihamishia nyuma ya sanduku, kwenye mashimo yaliyo juu ya ubao wenyewe. Kisha huijaribu kwenye kompyuta ya jirani. Nimeona diski iliyokwisha kuombolezwa ikifufuka kwa waya uliotolewa kwenye droo ya vijiko.

Ikiendelea kulia tik hata huko kwa jirani, hapo sifa zisimame kidogo, watu wawe na adabu. Windows itajitolea kuifomati, kwa upole kabisa, kana kwamba inakufanyia hisani. Usikubali, maana ndiyo njia ya haraka ya kuipoteza koito. Shemeji atashauri iwekwe kwenye friza usiku kucha; mshukuru, umpe chai, na usiiweke, kwa sababu ikitoka humo umande utatanda juu ya sahani ile isiyovumilia hata moshi. Zima. Kila dakika inayozunguka huenda kichwa kinakwangua. Kama vilivyomo ni vya thamani kuliko ng'ombe mmoja, ipelekwe Nairobi kwa wanaofungua diski katika chumba kisicho na vumbi, na huyo ng'ombe aanze kujiandaa.

Sasa linganisha na diski za siku hizi, zisizo na kinachozunguka. Ni nyepesi, zina kasi, na ziko kimya. Nazo hufa, ila aghalabu hufa bila kikohozi; jana ilikuwepo, leo kompyuta inaapa kwamba haijawahi kuiona. Mwenye diski hiyo hana nakala ya kitu chochote, kwa kuwa hakuna kilichomtisha. Ile nyumba ya soksi, kwa upande mwingine, ina koito kwenye leptopu ya binamu aliye Kericho, kwenye flashi iliyofungiwa ndani ya kopo la kahawa, na kwenye mtandao. Hakuna aliyewahubiria. Tik ndiyo iliyowafundisha.

Wapo watakaosema, ukingoja bonasi ya chai ya Oktoba utanunua leptopu mpya na haya yote yataisha. Nawaamini. Yataisha pamoja na joto la Julai, na paka, na sababu ya kumwita fundi, ambaye akija hukaa mpaka giza na kuleta habari zote za Kapkatet na Sotik ambazo redio imezificha.

Fundi mwenyewe alikuja nyumba ile msimu wa vumbi. Akaitoa sipiyu barazani, akafungua ubavu kwa bisibisi, akaishika feni kwa kidole isije ikazungushwa kupita kiasi, akawasha blowa. Wingu lililotoka liliwafukuza kuku. Akafuta unga wa grisi ya zamani kwa kitambaa na spiriti, akaweka tone la grisi mpya lisilozidi punje ya dengu, akarudisha bamba, akafunga. Ikawashwa. Haikutoa sauti. Baba akacheka kwa furaha, mama akasema hata saa ya ukutani sasa inasikika.

Kogo, nyanya wa nyumba hiyo, akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Kijana wangu, umeiua?"

"Hapana Kogo. Imepona."

"Basi nitajuaje?" Akamwelekezea mjukuu wake mwiko. "Huyu akiandika kazi ya mwalimu, inavuma pole pole. Akiweka DJ Afro, inalia mpaka huku kwenye sufuria, nami namwita aje achote maji. Sasa wewe umenitoa masikio."

Ni kweli, picha za filamu huichosha prosesa ya zamani kuliko kuchapa maneno, na feni ilikuwa ikimsema kijana kila jioni kwa miaka. Fundi akamtazama baba, baba akamtazama mtoto, mtoto akatazama viatu vyake.

"Kogo," akasema fundi akikusanya bisibisi zake, "kelele niliyoitoa siwezi kuirudisha. Lakini acha mlango wa jikoni wazi na paka asifukuzwe. Kabla ya bonasi utasikia kila kitu."