YAH: OMBI LA KUKETI KARIBU NA ZIWA

Waheshimiwa wenye dhamana ya mipango ya miji yetu ya Ziwa Victoria,

Hongereni. Si kazi ndogo kujenga mji ukingoni mwa ziwa lenye kilometa za mraba zaidi ya 68,000, kisha mkazi wake akahangaika kupata pa kuketi alitazame bila kuagiza soda. Nawasifu pia kwa usomaji wenu wa sheria. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Sisi wengine tulidhani mita ni mita. Kumbe hizi ni za mpira. Karai la mama anayekaanga sangara ni tishio kwa mazingira, ingawa jioni atalibeba kichwani arudi nalo nyumbani. Ukuta wa matofali wenye seng'enge juu, ambao hautabebwa na mtu yeyote kwenda popote, ni uwekezaji.

Mtasema Mwanza wanayo Saanane. Wanayo, na ni fahari: kisiwa kilichofanywa bustani ya wanyama mwaka 1964, na tangu 2013 ni hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote nchini. Lakini kazi ya hifadhi ni kuhifadhi, hivyo kuna kiingilio, kuna boti, kuna saa za kufunga. Fundi aliyetoka kazini saa kumi na moja jioni, ana watoto wanne, hatafuti utalii, anatafuta nyasi. Kwa sasa anayeota jua juu ya mawe na kulitazama ziwa bure ni pimbi, na simwonei wivu. Nauliza tu alipitia ofisi gani.

Hoja yenu nzito ni afya. Kichocho kipo, sibishi. Ila minyoo yake hupenya ngozi ya aliyeingia majini. Haijapata kusikika kwamba ilimfuata mtu benchini. Tena mayai yake hufika ziwani kwa mkojo na kinyesi chetu. Basi bustani yenye choo kinachofunguka na bomba linalotoa maji ingekinga watu kuliko ukuta, maana asiye na choo wala bomba atajisaidia na kuoga ziwani hata mkimzungushia kuta tatu, sana sana atazunguka mbali kidogo. Na gharama? Wauza mihogo na wapiga picha watakuja wenyewe, na kukusanya ushuru hamjawahi kuhitaji semina.

Naomba basi, katika zile mita 60, tano za mwanzo ziwe njia ya kila mtu, na kila uzio unaoikatiza uwe na mlango usio na mlinzi wa kuuliza "unamtaka nani?" Mabenchi msijisumbue. Mawe yapo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mkazi, upande wa nje wa ukuta