Sifa za Kikopo

Jeshi la Marekani hurusha setilaiti angani kwa mabilioni ya dola, na faida yake kubwa niliyoishuhudia kwa macho yangu ni kumwelekeza mtoto wa miaka sita kwenye kikopo cha plastiki chenye chura wa mpira ndani. Anayekidharau kikopo ajue anagusa wakubwa. Kabla ya Mei 2000 jeshi hilo lilikuwa likizivuruga makusudi ishara za GPS zinazowafikia raia, hata mtu akiambiwa kitu kipo hapa aliweza kuhangaika mita mia moja kutoka kilipo. Rais Bill Clinton akaamuru uvurugaji huo ukome. Wapo waliofikiria meli, ndege na magari ya zimamoto. Dave Ulmer alifikiria ndoo. Tarehe 3 Mei, ishara zikiwa ndiyo kwanza zimetakata, aliificha ndoo nyeusi msituni karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akatangaza latitudo na longitudo yake kwenye intaneti. Sharti lilikuwa jepesi: ukichukua kitu, acha kitu. Haikupita wiki ndoo ikapatikana, na mchezo wa jiokashingi, wa kusaka vikopo vilivyofichwa, ukawa umezaliwa.

Ndani ya ndoo ile mlikuwa na vitabu, kanda za video, manati, na kopo la maharage. Maharage hayo nayaheshimu sana. Leo kanuni za mchezo zinakataza chakula, kwa sababu wanyama hunusa wakaja kufukua. Kwa hiyo babu wa ukoo mzima wa vikopo, angefufuka leo, angerudishwa mlangoni na wajukuu zake mwenyewe.

Utukufu wa kikopo utauona vizuri ukiwa ndani ya gari, na gari likiwa Kansas. Kaka yangu anaishi Denver, na kiangazi kimoja aliamua kutupeleka Mingo, kando ya barabara kuu ya I-70, ambako kipo kikongwe cha vikopo vyote vinavyoendelea kutafutwa duniani, kilichofichwa tarehe 11 Mei 2000. Ni mwendo wa saa tatu na ushei. Njiani kuna ngano, ghala la nafaka, halafu ngano tena, na mtoto aliyefungwa mkanda kiti cha nyuma hana cha kutazama ila kisogo cha baba yake. "Shangazi, tumefika?" Ananiuliza mimi kwa kuwa wazazi wake wameshaacha kujibu. Bila vikopo swali hilo halina jibu ila uongo. Penye vikopo, kila baada ya muda unamjibu kweli tupu: tumefika, vaa viatu. Kwamba safari ya saa tatu ilitumeza kutwa nzima ni tuhuma ya watu wanaopenda kufika, na watu wa namna hiyo wapande ndege.

Kimoja kilikuwa nyuma ya vyoo vya sehemu ya kupumzikia madereva. Simu ilisema tumebakiza mita nne, kisha kumi na moja, kisha tatu, nasi tumesimama palepale chini ya mti. Adabu ya mchezo ni kutafuta bila wapita njia kujua unachotafuta, basi kila dereva wa lori aliyepita alimkuta kaka akifunga kamba za viatu. Wifi yangu alikuwa akipigana na nyigu. Mtoto ndiye aliyeinua mawe mawili yaliyopangwa kwa unadhifu usio wa kawaida, akapiga ukelele wa "Nimekipata!" uliofika hadi barabarani. Bahati ilikuwa yetu: siri aliitoa kwa Kiswahili.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kikopo hiki hakikungoja sifa, maji yalikuwamo tayari. Kijidaftari cha kuandikia majina kilikuwa kimevimba kama andazi, na penseli haina ncha. Vilivyobaki ni chura, kifungo cha shati, gari la kuchezea lenye magurudumu matatu, na kuponi ya kinyozi iliyopitwa na wakati. Vikorokoro. Lakini nionyeshe hazina nyingine iliyoachwa porini bila mlinzi, bila hati, na wanaokuja kuifungua wanaambiwa waache chenye thamani sawa au zaidi, na wengi wanatii. Sijasikia ndugu waliopelekana mahakamani kugombea kikopo cha marehemu.

Mtoto alitoa mfukoni sarafu ya shilingi hamsini niliyomletea kutoka Dar, ile yenye kifaru na ndama wake. Kaka, ambaye kazi yake ni hesabu, akasema hiyo ni kama senti mbili za Kimarekani, kwa hiyo chura aachwe. Binti yake alihesabu kivyake: vifaru wawili kwa chura mmoja, hapo anapunjwa. Akadai na kifungo juu yake. Akakipata, maana kikopo hakibishani bei. Yule chura alilala mkononi mwake maili zote zilizobaki, akinuka matope, na tulifika salama bila mtu kuuliza tena chochote isipokuwa choo.

Mingo tuliifikia jua likielekea kuzama. Watu hutoka nchi za mbali kuja kuandika majina yao pale, na kaka alivua kofia kabisa. Mtoto alichungulia, akatoa hukumu kwamba kile cha chooni kilikuwa kizuri zaidi. Sikuwa na la kumbishia. Ukongwe ni sifa ya kikopo machoni pa watu wazima. Wenye mchezo wao huangalia kama kuna chura.

Usiku, tukiwa hotelini, kaka alimwonyesha mtoto kwenye simu kikopo cha mbali sana: kabati moja ndani ya Kituo cha Kimataifa cha Anga, ambalo Richard Garriott aliliingiza mchezoni alipokwenda huko mwaka 2008. Mtoto akataka kujua kama kesho tutapitia njia hiyo. Mama yake akamwambia akakojoe kwanza.